Nchelenge: Kumbukumbu Iliyo Mali ya Nyumba

Msafiri atokaye Mansa kuelekea kaskazini hulifuata bonde la mto Luapula kwa zaidi ya kilomita 200, na katika njia nzima hakosi watu. Nyumba zimejipanga kando ya barabara kama askari wangojao gwaride, hata ikawa taabu kujua kijiji hiki kimekoma wapi na jirani yake kimeanzia wapi. Mihogo iliyolowekwa imeanikwa juani, nyeupe kama chokaa. Baiskeli hupita na mizigo mirefu kuliko wapandaji wake. Baada ya Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, nchi hutandazika, upepo hubadilika, na upande wa kushoto hutokea maji yasiyo na ng'ambo. Hilo ndilo Ziwa Mweru, na mji ulio ukingoni mwake ni Nchelenge, pamoja na Kashikishi iliyoungana nao kama pacha.

Ziwa hili lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000, nalo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 900. Luapula huingia kwa kusini. Na kwa kaskazini, penye mji wa Pweto wa nchi ya Kongo, maji hutoka kwa jina jingine, Luvua, yakaenda kujiunga na mto mkubwa wa Kongo. Ukubwa wake usimdanganye mtu, kwani kina chake si kirefu. Kwa ajili hiyo dhoruba ikivuma, mawimbi huinuka upesi na kwa ghadhabu, na mvuvi asiyelijua ziwa huona cha mtema kuni.

Asubuhi mchanga wa Kashikishi hung'aa kwa chisense walioanikwa, samaki wadogo walio ndugu wa dagaa wa Kigoma. Wavuvi huwavua usiku kwa taa. Sokoni wamo pia perege wa Mweru, ambao wenyeji huwaita pale, na kando yao majani ya mihogo, yaani kisamvu, ambayo kwa Kibemba huitwa katapa. Mtu atokaye Tanzania hatajiona mgeni sana. Mara moja moja sikio lake hunasa Kiswahili, chenye lafudhi ya Katanga, kwa kuwa wachuuzi wa Kongo huvuka na vitenge wakarudi na samaki. Hata jina la Kilwa atalikuta: kuna kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia, na mji wa Kilwa upande wa Kongo.

Waswahili wa zamani walifika huku kabla ya mipaka hii kuchorwa. Dk. Livingstone alipofika pwani ya Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baadaye mwezi huo huo kuingia katika mji wa Kazembe, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu, ambaye alikuwa amezuiliwa miaka mingi asiweze kurudi kwa watu wake. Mwaka 1868 aliruhusiwa kuondoka, na Stanley alipoingia Ujiji mwaka 1871 alimkuta mzee huyo akikaa hapo. Mtu aliyekosekana nyumbani muda wote huo hurudi akiwa nani? Wale aliowaacha wamezeeka au wamekufa. Watoto aliowaacha wakitambaa sasa wana ndevu. Yeye hakusahau kitu, ila ile miaka haimo kichwani mwake kwa sababu hakuwapo. Askari aliyekaa muda mrefu mbali na kambi yake ya nyumbani analielewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Lakini iko hali iliyo nzito kuliko hiyo: mtu alikuwapo, aliishi, alioa, alizaa, kisha miaka ile ikamtoka kichwani. Na pwani ya Mweru ina mengi ya kufundisha juu ya hali hiyo, kwa kuwa hapa maradhi ya kuvuruga akili yamekuwa jirani wa watu kwa zaidi ya miaka 100.

Kwanza yalikuwa malale. Ugonjwa huo huletwa na mbung'o, na vijidudu vyake vikishaingia katika ubongo, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, huchanganyikiwa, hubadilika tabia, hata wa nyumbani wakasema huyu siye yule tuliyemjua. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameandika habari za miaka ya 1906 hadi 1922, ambamo utawala wa kampuni ya Waingereza uliwaondoa watu ukingoni mwa Luapula na pwani ya Mweru kwa kuogopa malale. Uvuvi na safari za mitumbwi vikapigwa marufuku. Watu walioishi kwa samaki wakapelekwa bara kulima ardhi wasiyoizoea. Walipoachiwa kurudi, mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa zuio hilo alikuwa kijana wa kuoa, naye hakuwa ametupa wavu ziwani hata siku moja. Wazee ndio waliomwonyesha mahali pa kuvulia, pepo za kila majira, na mahali palipokuwa kaburi la babu yake. Nchi nzima ilirudishiwa kumbukumbu kwa mdomo.

Adui wa siku hizi ni malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoteswa mno na homa hiyo. Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamefanya kazi hapa miaka mingi, nao wameonyesha kuwa maambukizo hayakomi mwaka mzima. Mbu aliye mkosaji mkubwa ni yule waitwaye na wataalamu Anopheles funestus, apendaye maji ya kudumu yenye majani ukingoni, na mabwawa yaliyo kando ya ziwa na vijito ni nyumba yake. Serikali imenyunyiza dawa majumbani, imegawa vyandarua. Inasikitisha kusema kwamba katika maziwa ya Zambia baadhi ya vyandarua hivyo huonekana majini vikivua samaki wachanga. Mwenye njaa hachaguliwi silaha na mwenye shibe, hilo ni kweli. Lakini kwa chandarua kimoja nyumba hupoteza kinga ya usiku na samaki wa kesho.

Malaria ikipanda kichwani, chembe za damu zenye vijidudu hunata katika mishipa myembamba ya ubongo. Mgonjwa hupatwa na degedege, hupoteza fahamu, na asipofikishwa hospitali upesi huenda akafa. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo iliyopo Kashikishi inawajua wagonjwa hao. Watu wazima wanaopona hurudiwa na akili zao kamili walio wengi. Watoto ndio wanaobaki na alama zaidi: madaktari waliowafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani katika hospitali ya Mulago, Kampala, walieleza mwaka 2008 kwamba baada ya miaka miwili mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuweka makini.

Kupoteza miaka mizima kwa mtu mzima hutokea kwa nadra, na mara nyingi zaidi husababishwa na kuumia kichwa, na uvimbe wa ubongo uletwao na maradhi mengine, au na kukosa hewa kwa muda. Pombe nayo imo. Mnywaji wa kachasu asiyekula huishiwa na vitamini iitwayo thiamini, na upungufu huo huweza kuharibu kumbukumbu zake kabisa, akawa anajaza mapengo kwa hadithi ambazo yeye mwenyewe anaziamini.

Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kanuni ambayo madaktari wameiona ikitimia mara nyingi: yaliyoingia mwisho hutoka kwanza. Mtu aliyeumia kichwa huweza kulitaja jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, akaimba nyimbo za utoto, akamlilia mama yake aliyekwisha kuzikwa, huku akimwuliza mwanamke aliyeketi kitandani pake, "Wewe ni nani, dada?"

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mtu huyo ni mvuvi wa Nchelenge, mwenye miaka 35, aliyeoa akiwa na miaka 24, na kwamba miaka 12 ya mwisho imemtoka. Kwa maoni yake yeye ni kapera. Watoto watatu wamesimama mlangoni, naye anawaona kama watoto wa jirani. Mkubwa anapomwita tata, yaani baba, hugeuka kutazama nyuma kama yupo mtu mwingine. Anataka kurudi kwao. Na hapa ndipo desturi ya Luapula inapolifanya jambo kuwa gumu zaidi kuliko mahali pengine, kwa sababu watu wa bonde hili hufuata ukoo wa mama. Watoto ni wa upande wa mke, na kwa desturi mume alihamia kijijini kwa wakwe, akawajengea na kuwalimia kabla ya kuaminiwa. Aliyemsahau mke, basi, amesahau pia kijiji anachokaa. Shamba analoonyeshwa halijui. Mzee anayemsalimu kwa furaha ni baba mkwe, mtu ambaye mkwe hapaswi kumzoea ovyo. Naye, kwa kutojua, humsalimu kama rika lake.

Mateso ya mke katika nyumba kama hiyo hayasemwi vya kutosha. Akifiwa, watu wangekuja kukaa naye na kulia. Akiachwa, wazee wangeitwa na maneno yakasemwa. Huyu hakufiwa wala hakuachwa. Mume yumo ndani, anakula, ana sauti ile ile na kovu lile lile mguuni, lakini humshukuru mkewe kwa chakula kama mgeni amshukuruvyo mwenyeji. Tena hupita ndugu wa mume wakinong'ona kwamba mwanamke ndiye aliyemroga, na kwamba afadhali arudishwe kwa mama yake. Wakimchukua, wamemchukua kutoka mahali pekee penye vitu na watu wanaoweza kumkumbusha.

Hata hivyo bonde hili lina jambo moja ambalo msafiri hatalikuta kila mahali, nalo ni njia ya kuweka kumbukumbu nje ya kichwa cha mtu mmoja. Mwingereza Ian Cunnison, aliyekaa Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 akichunguza mila, alishangaa kuona wazee wakisimulia mambo ya kale sana kwa kusema "mimi". Mimi nilivuka mto. Mimi nilipewa nchi hii. Mimi nilimwoa binti wa fulani. Msemaji hakuwa mwongo wala hakurukwa na akili, alikuwa mrithi. Kwa desturi ya kupyana, mtu akifa huchaguliwa wa ukoo wake akavikwa jina lake, na pamoja na jina hupokea cheo chake, udugu wake na historia yake. Watoto wa marehemu humwita baba. Wake wa marehemu zamani walihesabiwa kuwa wake zake. Udugu wa majina mawili ukishafungwa hudumu, hata wenye majina wakibadilika mara kumi. Nasaba ya akina Kazembe ndiyo kielelezo kikubwa: kitabu cha historia yao kilichotolewa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe wa 14 kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake wazee wangu na watu wangu.

Si yote katika desturi hiyo yaliyo mema. Kumrithi mjane kama kitu, na kumtakasa kwa kumlaza na mwanamume wa ukoo, ni mambo yaliyoleta machozi, na baada ya kuingia kwa ukimwi yakaleta na mauti. Serikali na makanisa ya Zambia yamepigana nayo, na sheria ya mirathi ya mwaka 1989 imempa mjane na watoto haki yao ya mali. Lakini kiini cha kupyana kinastahili kutazamwa na kila nyumba yenye mgonjwa wa aina hii. Kiini hicho ni kwamba mtu hupokea maisha asiyoyakumbuka, akayabeba kama yake, kwa sababu wapo walio hai wanaomshuhudia. Mrithi haulizwi kama anakumbuka kuvuka mto. Hufundishwa, taratibu, na wanaojua. Kisha hutenda yampasayo mwenye jina, na kwa kutenda huwa ndiye.

Basi mvuvi yule wa mfano hana haja ya kulazimishwa akumbuke harusi yake. Huenda asiikumbuke kamwe. Waliomzunguka wanaweza kumpa habari yake kama ukoo umpavyo mrithi, na yeye akaanza kuitumia.

Wauguzi wa wagonjwa wa ubongo, ambao hawajapata kusikia habari za Luapula, hushauri karibu yale yale. Mgonjwa asipigwe maswali kama kuruta mbele ya koplo: huyu nani, yule nani, jana tulikula nini? Kila swali asiloliweza humwongezea hofu. Ni bora aambiwe jambo kabla hajaulizwa: "Huyu ni mwanao wa pili, Jumatatu huenda shule." Siku yake iwe na utaratibu usiobadilika; wake wa askari, ambao maisha yao yote yameendeshwa na saa ya kambi, wamekwisha kuwa mabingwa wa hilo. Awe na daftari moja la kuandikia yaliyopita na yajayo. Picha zionyeshwe chache chache. Asipewe pombe. Akipatwa na kifafa, maumivu makali ya kichwa au usingizi usio wa kawaida, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, asingojwe.

Jambo moja linataka ukali. Aambiwe kweli. Nyumba yenye mgonjwa aliyesahau ina kishawishi kikubwa, kwa kuwa kila mtu anaweza kumwandikia upya maisha yake. Ndugu atamwambia kwamba ng'ombe wale walikuwa wa pamoja. Mke atatamani kuuficha ule mwaka mbaya wa ugomvi, na mume aliyekuwa mlevi ataelezwa kwamba alikuwa malaika. Yaliyosimuliwa mara nyingi hugeuka kichwani yakaonekana kama yaliyokumbukwa, na siku mgonjwa atakapogundua uongo mmoja, atayatilia shaka yote, pamoja na ndoa yenyewe. Wazee wa Luapula husimulia historia ya ukoo mbele ya wenyewe wanaoijua, wapate kumsahihisha msemaji. Nyumbani nako wawepo mashahidi wawili au watatu, mmoja wa upande wa mume.

Na juu ya kitanda: mke kwa mume aliyesahau ni mwanamke mgeni, na mume kwa mke aliyesahau ni mwanamume mgeni. Cheti cha ndoa hakibadilishi hofu ya mtu. Alale peke yake mpaka atakapotaka mwenyewe. Wengi waliopita njia hii wameanza tena kwa mazungumzo ya barazani, kwa kutembea pamoja sokoni, kwa kuchekeana, kama wachumba.

Mwaka 1985 mwanamuziki wa Uingereza, Clive Wearing, alipatwa na maradhi ya virusi yaliyomharibu ubongo, akapoteza karibu kila alichokijua, na hata jambo la dakika chache zilizopita halikukaa. Vitu viwili vilibaki: mikono yake juu ya kinanda, na mapenzi kwa mkewe Deborah. Kila alipoingia mlangoni, hata kama alikuwa ametoka kuchukua maji tu, alimpokea kama aliyepotea miaka. Deborah alichoka, wakatalikiana, akaenda mbali. Kisha akarudi, na mwaka 2002 wakaweka upya ahadi zao za ndoa. Asilaumiwe kwa kuchoka kwake. Anayemlinda mgonjwa wa namna hii anahitaji zamu ya kupumzika kama mlinzi wa lango, na jamaa wanaomwacha alinde usiku na mchana peke yake wasishangae akiondoka.

Mikono ya mpiga kinanda yule inaeleweka vizuri pwani ya Mweru. Ujuzi wa mikono umewekwa mahali pengine katika ubongo, si pamoja na majina na tarehe, na mara nyingi hubaki salama. Mvuvi wa mfano alijifunza kufuma na kutengeneza nyavu utotoni. Akiletewa wavu uliochanika, vidole vitajua la kufanya kabla yeye hajajua. Kwa hiyo mkwe wake mwenye busara hataanza na habari ya mahari. Atamketisha kivulini karibu na mashua, amwekee wavu magotini, naye aketi upande wa pili wa wavu huo huo.

Jioni, pwani ya Nchelenge hulitazama jua likizama upande wa Kongo, na maji yote huwa mekundu. Giza likiisha kuingia, taa za wavuvi wa chisense huanza kuonekana, moja, tano, kisha nyingi, hata ukingo wa ziwa na mbingu usijulikane. Kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari taa hizo hupungua, kwa kuwa sheria hufunga uvuvi ili samaki wazae, na miezi hiyo ndiyo ya kukaa barazani na kutengeneza vyombo. Mvua hunyesha, mbu huzidi. Ndani ya nyumba chandarua hufungwa juu ya kitanda, pindo zake zikachomekwa chini ya godoro pande zote nne. Nje, chini ya paa la nyasi, watu wawili huketi na wavu mmoja kati yao, mmoja akishona na mwingine akimtajia majina ya watoto.